Matembezi na sherehe za msimu wa joto kwa bajeti ndogo: mwongozo kamili kwa kundi la watu 20 hadi 40

Matembezi mengi ya kundi huharibika kwa mtindo uleule. Mahali panachaguliwa kwanza, chakula kinapangwa, basi linakodiwa, ndipo watu wanaanza kuombwa mchango. Waliosema "nipo" ni 40, waliolipa ni 25, na pengo linamwangukia yule aliyejitolea kupanga. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo: hela na hesabu ya vichwa vinatangulia, mahali na chakula vinafuata. Hatua ya 2 na ya 3 ndizo zinazookoa fedha nyingi kuliko zote, na ndizo wengi wanaoziruka kwa kuona haya kudai mchango mapema.

Maelezo yanahusu safari ya siku moja. Anayepanga sherehe nyumbani au uwanjani atakuta marekebisho yake karibu na mwisho.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja la mapato na matumizi.
- Masanduku mawili ya barafu: moja la vinywaji, moja la chakula.
- Madumu ya maji ya kunywa ya lita 20. Manne kwa watu 25.
- Dumu lenye koki kwa ajili ya kunawa mikono, pamoja na sabuni.
- Hotpoti kubwa za kubebea chakula cha moto.
- Turubai la mita 4 kwa 6, kamba na vigingi, kama hakuna kivuli cha uhakika.
- Mikeka, visu viwili, ubao wa kukatia, vijiko vikubwa vya kupakulia.
- Mifuko mikubwa ya taka, angalau 6.
- Huduma ya kwanza: plasta, bandeji, dawa ya kusafisha kidonda, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, wa kurudisha maji mwilini), krimu ya kukinga jua.

Azima kabla ya kununua. Karibu kila kitu kwenye orodha hii kimelala stoo ya mmoja wenu. Bandika kila kilichoazimwa kipande cha utepe chenye jina la mwenyewe, maana vyombo vya watu wawili vikifanana, siku ya kurudisha hugeuka siku ya ugomvi.

## Hatua ya 1: Weka watu wawili kwenye hela

Mmoja anapokea na kutunza, mwingine anaandika na kuidhinisha matumizi. Mpangaji mkuu asiwe mtunza hela. Siku za mwisho anakimbizana na mambo mengi, analipa hapa na pale bila kuandika, na hesabu inamponyoka hata kama ni mwaminifu.

Kila malipo yapigwe picha ya risiti na kutumwa kwenye kundi la simu siku hiyohiyo. Muuzaji asiyetoa risiti, andikeni kwenye daftari kiasi, kitu na tarehe, naye aweke sahihi.

Mkiwa sawa, mtu yeyote akiuliza "tumebakiwa na ngapi?" anajibiwa ndani ya dakika moja.

## Hatua ya 2: Tenganisha gharama za safari na gharama za kichwa

Gharama ziko za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozaa pengo. Za kwanza hazibadiliki hata waje watu wangapi: basi, ada ya eneo, turubai la kukodi. Za pili huongezeka kwa kila mtu: chakula, vinywaji, kiingilio cha mtu mmoja mmoja.

Chukua mfano huu, kwa fedha yoyote unayotumia. Basi ni 60,000 na eneo ni 20,000, jumla 80,000. Chakula na vinywaji ni 3,000 kwa kila mtu.

Ukiamini kwamba watakuja 40, kila mmoja anabeba 2,000 za gharama za safari na 3,000 za kichwa, yaani 5,000. Ukiongeza asilimia 10 ya dharura, mchango ni 5,500. Sasa wakilipa 25 tu, umekusanya 137,500, wakati unahitaji 80,000 za safari na 75,000 za chakula, jumla 155,000. Umepungukiwa 17,500, na dharura yote imekwisha kabla basi halijawashwa.

Piga hesabu upya kwa idadi ya chini unayoiamini, yaani 25. Gharama za safari ni 3,200 kwa mtu, za kichwa 3,000, jumla 6,200. Ongeza asilimia 10, inakuwa 6,820. Izungushe hadi 7,000. Wakilipa 25, umekusanya 175,000 na umebakiwa na 20,000 za dharura. Wakijitokeza 40, kuna ziada ya 80,000, na kila mtu anarudishiwa 2,000.

Watu hukubali kwa furaha kurudishiwa. Kuombwa nyongeza siku mbili kabla ya safari hawakubali, na hapo ndipo wengine hujitoa na kuongeza pengo.

Tahadhari: asilimia 10 ya dharura isiguswe kwa mapambo, fulana za kufanana au spika. Ni ya tairi, dawa, na saa ya ziada ya dereva.

## Hatua ya 3: Kusanya kabla ya kutumia

Tangazo la kwanza liwe na mambo manne: kiasi, mwisho wa kulipa, kinachogharamiwa, na sheria ya kurudishiwa. Weka mwisho wa kulipa siku 14 kabla ya safari. Siku 14 zinakupa nafasi ya kubadili basi kubwa kwa dogo kabla hujalipa malipo ya awali.

Sheria ya kurudishiwa inayofanya kazi ni hii: anayejitoa kabla ya siku hiyo anarudishiwa zote. Anayejitoa baadaye anarudishiwa sehemu ya chakula peke yake, kwa kuwa sehemu yake ya basi na eneo imeshalipwa na wenzake hawawezi kuibeba. Akileta mtu wa kujaza nafasi yake, wamalizane wao kwa wao.

Kwa watoto, kiti ni kiti: anayekalia kiti anachangia basi sawa na mtu mzima, chakula nusu. Mtoto mchanga anayepakatwa halipiwi.

Kuna wasioweza kulipa taslimu na wanaona aibu kusema. Wawekee njia mapema: mtu anaweza kuchangia mkaa, matunda, au kazi ya kupika, ikathaminiwa kwa bei ya kawaida na kuandikwa daftarini kama mchango. Lizungumzwe naye faraghani na mtunza hela, lisitajwe kwenye kundi.

Ukifika siku ya 14 orodha ya waliolipa ndiyo orodha ya wasafiri. Ahadi zote zilizobaki zifute, hata za ndugu.

## Hatua ya 4: Kagua mahali kwa miguu yako

Nenda siku ya wiki ileile na saa ileile mtakayokuwa pale. Eneo tulivu Jumanne asubuhi linaweza kuwa limefurika Jumapili mchana, na choo kilichokuwa safi kikawa hakikaribiki.

Bei ya mlangoni si bei kamili. Uliza haya na ujibiwe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu:

- Je, chakula na vinywaji kutoka nje vinaruhusiwa, na je, vinatozwa?
- Moto wa mkaa unaruhusiwa?
- Maegesho, viti, meza na bafu vinalipiwa kando?
- Kundi linahitaji kibali?
- Mnafunga saa ngapi?

Swali la kwanza ndilo hatari zaidi. Eneo la bei ya chini linalokataza chakula cha nje linaweza kugharimu mara mbili ya eneo lenye kiingilio kikubwa.

Kisha tazama kivuli. Asubuhi jua liko mashariki na kivuli cha mti kinaangukia magharibi. Alasiri kimehamia mashariki. Kundi linalotandika mikeka saa 4 asubuhi upande wa magharibi wa mti linajikuta juani baada ya chakula, wakati joto limefika kileleni, na mizigo yote inabidi ihamishwe. Mnaokaa hadi jioni tandikeni upande wa mashariki au chini kabisa ya shina, na masanduku ya barafu yakae hapo kuanzia mwanzo. Kwa turubai, hesabu mita mraba moja kwa kila anayeketi mkekani: la mita 4 kwa 6 linatosha watu 20, pamoja na vyombo.

## Hatua ya 5: Usafiri

Umbali ndio unaoamua bajeti. Kwa matembezi ya saa 8, barabara isizidi saa 2 kwenda na kurudi. Zaidi ya hapo mnalipia kukaa kwenye kiti.

Linganisha bei kwa kiti. Basi la viti 30 kwa 60,000 ni 2,000 kwa kiti likijaa, lakini ni 3,000 wakiwa 20, na hapo magari mawili madogo yanaweza kuwa nafuu. Mkataba na mwenye gari utaje nani analipa mafuta, dereva anasubiri saa ngapi, na saa ya ziada ni kiasi gani. Toa malipo ya awali, salio lilipwe mkishafikishwa nyumbani. Mwenye gari asiye na salio la kudai hana haraka ya kuja kuwachukua.

Msizidishe abiria ili kuokoa nauli ya watu wanne.

## Hatua ya 6: Menyu fupi, vipimo vya kweli

Chakula cha wanga kimoja, kitoweo kimoja, tunda moja, mboga mbichi moja isiyonyauka upesi. Kila aina ya ziada huongeza sufuria, mafuta, muda na mabaki. Watu wakiona vyakula vingi huonja kila kimoja na kuacha.

Vipimo kwa mtu mzima mmoja:

- Mchele mkavu: gramu 100. Ukiiva uzito wake huwa karibu mara mbili na nusu hadi tatu.
- Nyama isiyo na mfupa: gramu 150 ikiwa mbichi. Yenye mfupa: gramu 250.
- Maharage makavu badala ya nyama: gramu 70.
- Tikiti maji: tunda la kilo 6 linatoa takriban kilo 4 za kula, yaani watu 20 kwa gramu 200 kila mmoja.
- Maji ya kunywa: lita 3 kwa siku nzima ya joto.
- Maji ya kunawa na kuosha: lita 2.

Kwa watu 25, hiyo ni kilo 2.5 za mchele na lita 75 za maji ya kunywa. Watoto wadogo wahesabu nusu ya chakula. Maji usiwapunguzie sana.

Hapo kwenye maji ndipo hela nyingi huvuja. Chupa ndogo za nusu lita huishia zimefunguliwa, zimesahaulika na kupata moto juani, kisha mtu anafungua nyingine. Beba madumu, kila mtu aje na chupa yake yenye jina. Soda na juisi ziwe moja kwa mtu, zitolewe wakati wa chakula. Zikitolewa asubuhi zinakwisha kabla ya saa 6.

Nunua vikavu wiki mbili kabla, kwa jumla. Matunda siku mbili kabla. Nyama siku moja kabla, na iende moja kwa moja kwenye baridi.

## Hatua ya 7: Baridi ibaki baridi, moto ubaki moto

Chakula kinachoharibika kisikae kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi kwa zaidi ya saa 2. Hewa ikizidi nyuzi 32, muda huo unashuka hadi saa 1. Siku ya matembezi ya joto, hesabu saa 1.

Barafu. Anza kugandisha siku nne kabla ili usinunue. Tumia chupa za lita moja na nusu, zijaze hadi zibaki wazi karibu moja ya kumi, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na chupa iliyojaa hupasuka. Bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo kwa kuwa eneo lake linaloguswa na hewa ni dogo, na likiyeyuka unabaki na maji baridi ya kunywa. Weka chupa nyingine baridi ndani ya sanduku usiku wa kuamkia safari ili sanduku lenyewe lipoe; ukilianza likiwa na joto la chumba, barafu ya asubuhi inaishia kulipoza sanduku.

Masanduku mawili. La vinywaji litafunguliwa kila dakika chache. La chakula lifunguliwe mara mbili tu: kutoa na kurudisha. Nyama mbichi ikae chini kabisa, kwenye chombo kisichovuja, matunda juu. Nafasi iliyobaki jaza kwa taulo, maana hewa tupu huipasha barafu.

Wali. Hapa ndipo makundi mengi huumwa matumbo na kulaumu nyama. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye *Bacillus cereus* ambazo haziuliwi na kuchemshwa. Wali uliopikwa usiku na kuachwa umefunikwa ndani ya sufuria kubwa hukaa na uvuguvugu katikati hadi asubuhi. Mbegu zinachipua, zinatoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Pika alfajiri ya siku yenyewe. Mimina maji yanayochemka ndani ya hotpoti, funika dakika 10, yamwage, kisha pakia wali ukiwa unatoa mvuke, ujaze hadi juu na ufunge. Hotpoti iliyojaa hutunza moto muda mrefu kuliko iliyo nusu. Mfunguapo, chakula kiwe bado kinatoa mvuke. Kikiwa vuguvugu, kipashweni hadi kichemke kama mna hakika kimepoa muda mfupi tu, la sivyo kisiliwe.

Kuku wa kuchoma aive hadi nyuzi 74 sehemu nene kabisa. Bila kipimajoto, chana karibu na mfupa wa paja: nyama isiwe na uwaridi na majimaji yatoke meupe. Njia ya gharama ndogo na salama zaidi ni kumchemsha akaiva nyumbani asubuhi, abebwe moto, kisha achomwe juu juu kwa ladha. Mkaa unaohitajika unapungua sana.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Ondokeni mapema. Jua kali ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri, kwa hiyo michezo ya kukimbia iwekwe kabla au baada ya hapo, na chakula, hadithi na michezo ya kukaa viwe katikati. Krimu ya jua ipakwe upya kila saa 2, na kila baada ya kuogelea.

Gaweni kazi kwa majina, kwa karatasi: nani wa maji, nani wa moto, nani wa taka, nani wa kuhesabu watu. Hesabuni vichwa kabla ya kuondoka, mkifika, baada ya chakula na kabla ya kurudi.

Majini. Mtu mmoja mzima kwa zamu ya dakika 15 hadi 20, bila simu mkononi, kazi yake ni kutazama tu. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa kinazama na kuibuka kimya, mikono ikisukuma maji chini. "Sote tunawatazama" huwa na maana kwamba hakuna anayetazama. Maboya ya mikononi ni ya kuchezea, hayamwokoi mtoto.

Joto. Mtu akiumwa kichwa, akatokwa jasho jingi, akaona kichefuchefu au kizunguzungu, mlazeni kivulini, mlegezeeni nguo, anywe maji kidogo kidogo au ORS iliyochanganywa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Akichanganyikiwa, akaropoka au akazirai huku mwili ukiwaka, hiyo ni dharura: pigeni simu ya msaada, mwagieni maji baridi mwili mzima na kumpepea. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Moto. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ndani ya hema au turubai lililofungwa pande zote, hata kama mkaa unaelekea kuzimika. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua. Mkimaliza, mwagieni maji, koroga, mwagieni tena hadi majivu yawe baridi. Msifukie makaa mchangani. Yanabaki na moto kwa saa nyingi, na anayeyakanyaga mara nyingi ni mtoto wa kundi lingine asiyejua.

## Kama ni sherehe, si matembezi

Saa mtakayochagua inaokoa hela kuliko punguzo lolote la dukani. Sherehe ya saa 6 mchana au saa 2 usiku inadai mlo kamili. Ya saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni inadai vitafunwa, matunda na kinywaji, na wageni wanaondoka wakiwa wameridhika, alimradi kadi ya mwaliko itaje saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na kwamba kuna vitafunwa. Usipoitaja, watakuja na njaa.

Hesabu vipande 5 hadi 6 vya vitafunwa kwa mtu kwa saa 3. Weka meza ya vinywaji mbali na ya chakula ili pasiwe na msongamano. Mapambo weka sehemu moja tu, pale picha zitakapopigwa. Kupamba uwanja mzima hula hela na hakuna anayekumbuka.

Kagua kivuli na choo hata nyumbani. Choo kimoja kwa watu 40 kwa saa 3 kinataka mtu wa kukiangalia kila nusu saa, na ndoo ya maji ya akiba.

## Hatua ya 9: Funga hesabu ndani ya siku 3

Kabla ya kuondoka eneo la matembezi, zoeni taka zote, pamoja na mlizozikuta karibu na mikeka yenu. Maeneo mengi huzuia malipo ya dhamana kwa sababu ya taka. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa 1 kwenye joto kitupwe, hakuna kugawana cha kupeleka nyumbani.

Vyombo virudi kwa wenyewe kesho yake vikiwa safi. Ndani ya siku 3, mtunza hela na mwandishi watume kwenye kundi ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka kwa kila kifungu, kilichobaki, na picha za risiti. Ziada igawanywe sawa na irudishwe moja kwa moja; msiiache "kwa safari ijayo" bila kila aliyelipa kukubali, kwa kuwa wapo ambao hawatakuwepo.

Chini ya ukurasa huo andikeni vipimo halisi: mchele uliobaki, maji yaliyokwisha saa ngapi, barafu iliyodumu hadi lini, watu waliolipa wakakosa kufika. Atakayepanga mwakani aanze na namba hizo.